Kilomita 3,900 na Maziko ya Adhuhuri

Kuna swali ambalo karibu kila mwanachama wa chama chetu mwenye jamaa Unguja au Pemba amewahi kuulizwa kwenye simu: "Ndege ni saa tano tu, mbona hukuja?" Huulizwa baada ya harusi, huulizwa baada ya Idd, na huulizwa zaidi baada ya msiba. Anayeuliza hana nia mbaya. Anajua kwamba zamani watu walikata bahari kwa majahazi, na leo kuna ndege inayoondoka Maskati na kutua Unguja kabla chakula kilichopikwa asubuhi hakijapoa vizuri. Anayeulizwa naye hukosa la kusema, kwa sababu hesabu ya anayeuliza ni ya kweli. Ndege ni saa tano na ushei.

Tumeona tuikalie hesabu hiyo katika toleo hili, kwa kalamu na karatasi. Tunataka kujua kuna umbali gani hasa baina ya viwanja hivi viwili, saa tano hizo zinatoka wapi, na kwa nini mtu anaweza kuwa na tiketi, pasipoti na nia njema, na bado akakuta kaburi limeshafukiwa.

Umbali wenyewe

Uwanja wa ndege wa Maskati, ambao wazee wengi bado wanauita Seeb, uko karibu digrii 23.6 kaskazini ya ikweta na digrii 58.3 mashariki. Uwanja wa Abeid Amani Karume, Unguja, uko karibu digrii 6.2 kusini na digrii 39.2 mashariki. Kwa namba hizi nne tu mwanafunzi yeyote anaweza kupata umbali bila ya kumuuliza mtu.

Kila digrii moja ya kwenda kaskazini au kusini ni kama kilomita 111. Kutoka Maskati hadi Unguja tunashuka digrii 29.8, yaani kilomita 3,310 hivi kwenda kusini. Kwenda magharibi tunahama digrii 19.1. Digrii za mashariki na magharibi hupungua upana kila unapoikimbia ikweta, lakini kwa kuwa sehemu kubwa ya njia yetu iko karibu na ikweta, tunaweza kuchukua wastani wa kilomita 110. Hapo tunapata kama kilomita 2,100. Sasa tuna pembetatu, na upande wake mrefu, kwa kanuni ya Pythagoras tuliyoisoma sekondari, ni karibu kilomita 3,920. Ukitumia kanuni kamili ya tufe utapata kilomita 3,900 na kidogo. Kwa maili za baharini, ambazo kila moja ni mita 1,852, hizo ni kama 2,100.

Huo ndio umbali mfupi kabisa, ule wa kuvuta uzi juu ya tufe la dunia. Mwenye tufe nyumbani aujaribu, maana uzi huo unapita mahali pa kuvutia. Unatoka Maskati, unakwenda juu ya bara la Oman hadi Dhofar, na unaiacha nchi kavu magharibi kidogo ya Salalah. Unavuka bahari na kuigusa Pembe ya Afrika karibu na Ras Asir. Unapita juu ya Somalia, nyuma ya Mogadishu upande wa bara, kisha unarudi baharini na kupita nje ya Lamu. Kabla ya kufika Unguja unakatiza Pemba, karibu kabisa na Chake Chake. Rubani haufuati uzi huu hatua kwa hatua, kwa sababu angani nako kuna njia zilizopangwa na kila nchi ina masharti ya anga yake. Lakini hakengeuki sana.

Wenzetu Wapemba wamelichukua jambo hili kwa mzaha na kwa uchungu kidogo. Mpemba anaruka juu ya paa la kwao, anashushwa Unguja, kisha anatafuta boti au kindege kidogo kumrudisha alikopita. Kwake yeye saa za tiketi haziishi pale ndege inaposimama.

Muda wa angani

Ndege kubwa za abiria zikishatulia juu huenda kwa kasi ya baina ya kilomita 800 na 900 kwa saa. Tukichukua 850, kilomita 3,900 zinakatwa kwa saa 4 na dakika 35. Lakini ndege haianzi na kasi hiyo wala haimalizi nayo. Inajikokota kutoka langoni hadi kwenye njia ya kurukia, inapanda, na mwishoni inashuka polepole na kujipanga kutua. Mambo hayo yanaongeza karibu robo tatu ya saa. Ndipo tunapopata saa 5 na dakika 20, na ndiyo maana ratiba za njia hii huzungukia saa 5 na nusu, zaidi kidogo au pungufu kidogo.

Wanaosafiri baina ya London na New York wanajua kwamba kwenda kuna muda wake na kurudi kuna muda wake, na tofauti inaweza kupita saa nzima, kwa sababu huko juu kuna upepo wenye nguvu unaovuma kutoka magharibi kwenda mashariki. Njia yetu imelala zaidi kaskazini na kusini, kwa hiyo upepo huo haumsaidii sana anayekwenda wala haumkwamishi sana anayerudi.

Saa za tiketi na saa zetu

Hata hivyo ukiisoma tiketi utaona kama kwenda ni kwepesi kuliko kurudi. Tuseme ndege inaondoka Maskati saa 14:00 na kutua Unguja saa 18:30. Kwa macho ni saa nne na nusu. Tuseme inayorudi inaondoka Unguja saa 20:00 na kufika Maskati saa 02:30. Kwa macho ni saa sita na nusu. Safari zote mbili ni za saa tano na nusu. Saa ya Oman iko mbele ya saa ya Afrika Mashariki kwa saa moja, na tiketi huandika kila mji kwa saa yake. Anayekwenda Unguja hupewa saa moja mkononi, na akirudi huidaiwa.

Juu ya hilo tuna saa yetu ya Kiswahili, inayoanza kuhesabu jua linapochomoza na linapozama. Saa 14:00 ya tiketi ni saa 8 mchana kwa bibi, na saa 02:30 ni saa 8 na nusu usiku. Hili kila mtu analijua. Linalowatatiza watu ni siku. Ndege iliyoandikwa Ijumaa saa 00:45 inaondoka saa 7 kasorobo ya usiku ambao wengi wetu, kwa mazoea ya shule na ofisi, tunauita Alhamisi usiku. Wazee walioishika kalenda ya kwao, ambayo siku yake inaanza magharibi, wanauita usiku huohuo usiku wa Ijumaa, na hapo wanakubaliana na tiketi kuliko sisi. Ukimwambia mtu wa nyumbani siku ya kukupokea, ni salama zaidi kusema "usiku wa kuamkia Ijumaa". Hapo hakuna anayekwenda uwanjani siku ambayo siyo.

Wakati wa upepo

Saa tano na nusu ni namba mpya katika historia ndefu ya njia hii. Kwa karne nyingi waliotaka kwenda Unguja kutoka Maskati au Sur walingoja kaskazi, upepo unaoshika kuanzia Novemba au Disemba hadi Machi. Chombo kilichopata upepo mzuri na ambacho hakikukaa sana kwenye bandari za njiani kilichukua kama wiki tatu hadi nne. Kurudi ilikuwa kwa kusi, unaoanza mwezi wa Aprili. Hata kusi nao ulikuwa na masharti, kwa sababu mwezi wa Juni na Julai bahari ya pwani ya Arabuni huchafuka, na manahodha walijitahidi wawe wameshafika au wawe hawajaondoka.

Tazama sasa maana yake kwa mambo ya jamaa. Mtu aliyekuwa Sur akapata habari mwezi wa Mei kwamba mama yake amefariki Unguja hakuwa na chombo cha kumpeleka kabla ya kaskazi ya mwisho wa mwaka. Na habari yenyewe ililetwa na jahazi lililotoka huko kwa kusi, kwa hiyo alipoipata mama alikuwa ameshazikwa wiki nyingi zilizopita. Hakuna aliyemuuliza mbona hukuja. Bahari ilikuwa imemjibia.

Haikuwa tofauti hata kwa mtawala. Sayyid Said bin Sultan, aliyeifanya Unguja makao yake makuu, alifariki tarehe 19 Oktoba 1856 katika njia hii hii tunayoipigia hesabu. Alikuwa ndani ya merikebu yake Victoria, karibu na Shelisheli, akitoka Maskati kurudi Unguja. Maiti ililetwa Unguja ikazikwa Makusurani. Habari na maiti vilisafiri katika chombo kimoja. Waliobaki Maskati iliwabidi wangoje chombo kingine kiwapelekee habari ya kwamba aliyeagana nao hakufika akiwa hai.

Habari inapomtangulia mtu

Kilichobadilisha mambo kwanza hakikuwa ndege. Kilikuwa waya. Mwaka 1879 waya wa simu ya maandishi uliolazwa chini ya bahari kutoka Aden ulifika Unguja. Tangu siku hiyo habari na mtu wakaachana njia. Habari iliweza kufika mbali siku hiyohiyo, na mtu akabaki na jahazi au meli yake.

Kisha zikaja zama za familia zetu wenyewe. Baada ya mapinduzi ya Januari 1964, na hasa baada ya 1970 pale Oman ilipowafungulia mlango watu wake waliokuwa nje, koo nyingi zilijikuta pande mbili: ndugu huku Ruwi, Seeb, Nizwa au Sur, na ndugu kule Mjini, Makunduchi, Wete au Chake. Uwanja wa Seeb ulifunguliwa mwaka 1973. Mtu naye sasa akaanza kuifukuza habari. Kutoka wiki nne akafika saa tano na nusu, na hilo ni jambo kubwa lisilopaswa kudharauliwa.

Lakini habari nayo haikukaa kungoja. Simu ya mkononi imeitoa kwenye siku ikaitia kwenye sekunde. Mauti yakitokea Mkunazini, kikundi cha familia kwenye WhatsApp kinajua Al Khoud kabla majirani wa mtaa wa pili hawajasikia. Mtu amekuwa mwepesi mara nyingi sana kuliko babu yake, na bado yuko nyuma. Na kwa kuwa habari imefika mara moja, anayezika huona kama mtu naye angeweza kufika mara moja. Swali la "mbona hukuja" limezaliwa hapo.

Hesabu ya maziko

Sasa tupige hesabu yenyewe. Kwetu Waislamu maiti haicheleweshwi. Aliyefariki usiku mara nyingi huzikwa baada ya sala ya adhuhuri, na ikibidi baada ya alasiri.

Tuseme mzee amefariki saa 9 usiku kwa saa ya Unguja. Maziko yamepangwa baada ya adhuhuri, saa 7 mchana. Kutoka mauti hadi maziko ni muda wa saa kumi.

Anayetaka kuwahi ni lazima atue angalau saa mbili kabla, ili apite kwenye pasipoti, achukue mzigo, atafute gari na afike nyumbani kabla jeneza halijatoka. Kwa hiyo atue saa 5 asubuhi ya Unguja, ambayo ni saa 6 mchana ya Maskati. Tukitoa saa tano na nusu za ndege, iwe imeondoka Maskati saa 12 na nusu asubuhi. Kwa safari ya nje ya nchi tunashauriwa kufika uwanjani saa tatu kabla. Basi awe uwanjani saa 9 na nusu usiku kwa saa ya Maskati.

Lakini mzee amefariki saa 9 usiku ya Unguja, yaani saa 10 alfajiri ya Maskati. Kwa maneno mengine, ili mtu awahi maziko ya adhuhuri ilimpasa awe ameshafika uwanjani nusu saa kabla mauti hayajatokea. Hata akifika uwanjani saa moja tu kabla ya ndege kuruka, na akaruhusiwa, angekuwa na saa moja na nusu ya kupokea habari, kulia, kukata tiketi, kutafuta pasipoti na kuingia barabarani. Na hapo tumeshakubali kwamba ipo ndege ya saa 12 na nusu asubuhi, siku hiyo, yenye kiti.

Maziko yakisogezwa hadi baada ya alasiri, saa 10 ya Unguja, hesabu inalegea. Atue saa 8 mchana ya Unguja, sawa na saa 9 alasiri ya Maskati. Ndege iondoke saa 3 na nusu asubuhi. Afike uwanjani saa 12 na nusu asubuhi, saa mbili na nusu baada ya mauti. Hilo mtu wa Seeb anaweza kulifanya. Mtu wa Sur, ambaye barabara peke yake inamchukua zaidi ya saa mbili, atafika akihema. Na yote hayo bado yanategemea kwamba ratiba ya siku hiyo ina ndege ya moja kwa moja asubuhi. Ndege hizo hazipitipiti kama daladala, na ratiba yake hubadilika kwa msimu.

Tukijumlisha safari nzima, mlango kwa mlango, mambo yanakuwa hivi. Nyumbani hadi uwanjani ni nusu saa kwa aliye karibu, na saa moja na nusu kwa anayetoka Nizwa. Uwanjani ni saa tatu. Angani na kwenye njia za uwanja ni saa tano na dakika 20. Kutoka kwenye ndege hadi nje ya uwanja wa Unguja ni kama saa moja. Kisha ni nusu saa kwa anayekwenda Mjini, na saa nzima kwa anayekwenda Makunduchi. Jumla ni saa kumi na dakika 20 kwa mwenye bahati, na karibu saa kumi na mbili kwa wengine. Wapemba waongeze za kwao.

Kwa kuzunguka

Siku isiyo na ndege ya moja kwa moja, mtu hutafuta ya kuunganisha. Hapa ndipo umbali na muda vinapoachana kabisa.

Maskati hadi Addis Ababa ni karibu kilomita 2,630, na Addis Ababa hadi Unguja ni karibu 1,690. Jumla ni 4,320. Hizo ni kilomita 420 tu zaidi ya njia iliyonyooka, sawa na nusu saa ya kuruka. Kwa kupitia Doha ni kama 700 na 3,750, jumla 4,450. Dubai ndiyo ya kushangaza: unarudi nyuma kilomita 350 upande wa kaskazini-magharibi, na ukifika huko umbali wa kwenda Unguja ni uleule wa 3,900 uliouacha Maskati. Umeruka, umetua, na hujasogea hata hatua moja kuelekea nyumbani.

Ukizitazama namba hizi utadhani tofauti ni ya nusu saa au saa moja. Lakini kila anayeunganisha ndege anapaa mara mbili na kushuka mara mbili, na katikati anangoja. Kungoja kunaweza kuwa saa mbili, kunaweza kuwa kumi, kwa kadiri ndege ya pili ilivyopangwa. Njia yenye kilomita chache zaidi inaweza kumfikisha mtu baadaye kuliko ile ndefu. Ndiyo maana anayetafuta tiketi ya dharura asitazame ramani. Atazame saa ya kufika iliyoandikwa mwisho wa mstari, ageuze kwa saa ya Unguja, kisha aamue.

Kuna na mengine ambayo hayahesabiki kwa kilomita. Tiketi ya kununuliwa leo kwa safari ya leo aghalabu ni ghali kuliko iliyonunuliwa mwezi uliopita. Mwanafunzi ana mtihani wa asubuhi, na mfanyakazi anahitaji ruhusa ya bosi ambaye bado amelala. Pasipoti imebakiza miezi miwili. Wengine wanahitaji viza. Kila moja ya hizi inaweza kula saa nyingi kuliko Bahari ya Hindi nzima.

Siku ya tatu

Tumepiga hesabu hizi kwa sababu mbili, na zote ni za kibinadamu zaidi kuliko za hisabati.

Ya kwanza ni kwamba wapo wenzetu waliobeba lawama isiyo yao. Wamejiona wazembe, au wameoneshwa kuwa wazembe, kwa kuikosa safari ambayo saa zake hazikuwapo. Tunawaomba waisome tena hesabu ya maziko. Na tunawaomba walio nyumbani wasiwacheleweshee maiti watu wa huku kwa kuona haya. Mafundisho ya dini yanahimiza kuharakisha kuzika, na hakuna mtoto mwema anayetaka mzazi wake angojeshwe kwa ajili ya ndege.

Ya pili ni kwamba safari ambayo haiwahi kaburi inaweza kuwahi watu. Kwetu matanga hukaliwa siku tatu. Aliyezikwa Jumanne adhuhuri, matanga yake huondolewa Alhamisi. Kutoka simu ya alfajiri ya Jumanne hadi Alhamisi kuna zaidi ya saa arubaini na nane, na humo hata anayepitia Addis na kulala kwenye viti vya uwanja anafika. Atakuta hitima, atapokewa na shangazi zake, atakaa na wafiwa na atapelekwa kaburini asubuhi. Hiyo ndiyo shabaha inayolingana na uwezo wa ndege na uwezo wa mfuko. Anayejua hivyo hatapoteza saa zake za kwanza akikimbilia lisilowezekana, halafu akakata tamaa na kulala.

Kwa hiyo tunashauri mambo machache ya kufanywa sasa, wakati wa salama. Kila mmoja aangalie pasipoti yake leo, asingoje siku ya simu. Familia zenye watu wengi huku zikubaliane mapema nani atakwenda kwa niaba ya wengine likitokea jambo, na nauli itachangwa vipi, kwa sababu mazungumzo hayo hayapendezi kufanywa saa 10 alfajiri. Tujue ndege ya moja kwa moja inaruka siku zipi katika msimu huu, na siku nyingine njia iliyo bora ni ipi. Wasioweza kwenda kabisa wasione haya kuuweka msiba huku. Tayari nyumba nyingi zinafanya hivyo: watu wanakuja kuhani Maskati siku zilezile wanazohani Unguja, na simu inakaa katikati ya jamvi ili pande mbili ziitikie dua moja.

Wanachama wenye kwao Mombasa, Lamu, Tanga au Bujumbura tunawaomba watupigie hesabu za njia zao kwa namna hii hii, kwa digrii nne na kanuni ya pembetatu, kisha watuandikie saa zao za mlango kwa mlango. Tutazichapisha pamoja katika toleo lijalo, na walimu wetu wameombwa kuzikagua.

Na kwa jamaa wa nyumbani, tunawaachia swali badala ya lile la zamani. Mkimpigia mtu wa huku, mwulizeni: "Utafika lini?" Ndege ni saa tano na nusu, safari ni saa kumi na mbili, na nyinyi mmezika baada ya saa kumi. Akikwambieni Alhamisi, mwekeeni nafasi jamvini.